Chaki Kwanza, Moto Baadaye

Ufundi wa chuma nilijifunza Peramiho, nje kidogo ya Songea, kwenye karakana za wamisionari Wabenediktini waliofungua misheni yao hapo mwaka 1898. Niliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa imetoka kwenye Vita vya Kagera na chuma kimeadimika. Bati likiharibika, lingine lilisubiriwa kutoka Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilometa elfu moja. Kwa hiyo mwalimu wetu hakumruhusu mtu kushika mkasi kabla hajaandika hesabu yake kwa chaki. Tulinung'unika sana. Nilipokuja kujitegemea mjini, hesabu hizo ndizo zikawa mtaji wangu.

Songea ni nchi ya mahindi, na wateja wangu wengi walikuwa wenye mashine za kusaga. Kazi iliyonijengea jina ni faneli za unga. Mafundi wengi walikunja karatasi, wakakisia, wakakata, kisha wakapunguza hadi ikae sawa. Mimi nilianza na Pythagoras. Faneli yenye mdomo wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 40 ina ubavu wa sentimeta 50, kwa kuwa 30 na 40 zikipigwa kipeo cha pili na kujumlishwa zinatoa 2,500. Nachora duara la nusu kipenyo 50, kisha nazidisha 360 kwa 30 na kugawanya kwa 50: napata nyuzi 216. Kipande hicho kikikunjwa ndiyo faneli yenyewe. Nyuzi 144 zinazobaki nazo hazitupwi, maana zinatoa faneli nyingine nyembamba, ya mdomo wa sentimeta 40. Watu walishangaa bei yangu kuwa nafuu, wakadhani napata bati la magendo.

Kisha mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ukafika Songea kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Wenye mashine wakaanza kuacha injini za dizeli na kununua mota. Mzee mmoja wa Lizaboni, hapa mjini, akaniita.

"Fundi, mota hii hapa, na puli ya zamani bado nzima. Nifungie tu nianze kazi."

"Mzee wangu, tukifunga hivyo nyundo za kinu zitatoka na ukuta."

Nikamwandikia sakafuni. Injini yake ilizunguka mara 650 kwa dakika, ikiwa na puli ya inchi 16 inayovuta puli ya inchi 4 kwenye kinu. Kinu kilikuwa kikizunguka mara 2,600. Mota ya kawaida hapa kwetu huzunguka takriban mara 1,440. Ikivalishwa puli ileile, kinu kingekimbia mara 5,760. Nguvu inayozivuta nyundo zitoke nje haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa kipeo chake cha pili. Mwendo ulikuwa unazidi mara mbili na ushee, nguvu hiyo ingezidi karibu mara tano. Puli iliyofaa ilikuwa ya inchi 7. Nikaikereza, kinu kikazunguka kama mara 2,520, unga ukatoka laini. Ingekuwa ndogo zaidi, mahindi yangetoka chenga.

Baada ya hapo nilizibadilisha puli nyingi, kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili, na sikupata hesabu ngumu kuliko kuzidisha na kugawanya kwa shule ya msingi. Hilo ndilo neno langu kwa vijana mnaosomea ufundi leo: kikokotoo mnacho mfukoni, ndani ya simu. Andika namba zako kabla ya kuwasha moto. Namba iliyokosewa hufutwa kwa kiganja. Chuma kilichokatwa vibaya hulipiwa, na puli iliyofungwa kwa kukisia inaweza kumuua mtu.