Nywele Zangu Zilirudi Zenyewe, na Nilikuwa Karibu Kuziuza

Wiki mbili zilizopita kampuni moja inayouza vitamini za nywele iliniandikia kwenye inboksi. Walikuwa wameona picha zangu mbili. Ya kwanza niliiweka mwaka jana, nimevua kilemba, pande zote mbili za paji la uso zimebaki ngozi tupu. Ya pili niliiweka juzi juzi, nywele zimejaa, nimezifunga juu ya kichwa, natabasamu kama mtu aliyelipwa deni. Walichotaka ni kidogo tu: niziweke picha hizo pamoja, nishike chupa yao, niseme ni miezi mitatu. Shilingi 40,000.

Wacha niseme ukweli, nilihesabu kodi ya nyumba kabla sijamaliza kusoma.

Na si eti ningekuwa nimedanganya sana. Vitamini za aina hiyo nilizila kweli. Nywele zilirudi kweli. Lakini hapo katikati pana maneno, na tangu niweke ile picha ya kwanza haipiti wiki bila mama fulani kuniuliza, "Mamii, ulitumia nini?" Basi leo najibu wote.

Mtoto wangu alipofikisha miezi minne, nywele zilianza kutoka. Sisemi kukatika, nasema kutoka na mzizi. Nikipitisha kitana, kinarudi kimevaa sweta. Nikioga, maji hayashuki, lazima niiname nitoe fundo la nywele kwenye tundu la bafu. Siku moja mtoto alilia hadi akakauka sauti, nimempa ziwa amekataa, nimembadilisha bado analia. Nilipomvua soksi nikakuta unywele wangu umejizungusha kwenye kidole chake cha mguu, kidole kimevimba na kuwa chekundu. Niliukata kwa mkasi wa kucha huku mikono inatetemeka. Usiku huo nililia kuliko yeye.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema mtoto ameanza kunitambua, ndiyo maana nywele zinaanguka. Msusi wangu alisema, "Kastoma wangu, hizi zinataka maji ya vitunguu," kisha bado akataka kunisuka matuta ya kubana, kwenye ngozi iliyokuwa tayari inalia. Shosho alisema nile, ninyamaze, zitarudi. Shosho hakuwa na chupa ya kuniuzia, kwa hivyo sikumsikiliza.

Nilimsikiliza rafiki yangu. Alinituma kwa kemisti mmoja mjini, nikanunua vitamini za kutafuna, tamu kama peremende, shilingi 3,500 chupa moja ya mwezi. Kwenye lebo: bayotini, maikrogramu 10,000. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji kama 30 kwa siku, na kwa anayenyonyesha kama 35. Mayai, njugu, maini na maharagwe yana bayotini, na upungufu wake ni nadra. Hayo sikuyajua wakati huo. Niliona 10,000 nikafikiri, haya, hii ndiyo dawa yenye nguvu.

Sasa nielezee kilichokuwa kinatendeka kichwani kwangu, maana hakuna aliyeniambia kule kliniki. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kwa miezi michache, kisha huanguka na mwingine kuota mahali pake. Kwa kawaida kila mmoja una ratiba yake, ndiyo maana ukipoteza 50 au 100 kwa siku huoni tofauti. Ukiwa mjamzito, homoni ya estrojeni hupanda na nywele nyingi hubaki kwenye kukua bila kuanguka. Mnakumbuka mlivyokuwa mkisifiwa nywele mkiwa na mimba? Ni hizo. Ukijifungua, estrojeni inashuka ghafla na nywele nyingi zinaingia kupumzika kwa pamoja, halafu miezi miwili hadi minne baadaye zinaanguka kwa pamoja. Madaktari huiita telojeni efluviamu. Homa kali, upasuaji, msongo mkubwa au kujinyima chakula ili upungue haraka pia huleta jambo hilo hilo, kwa kuchelewa hivyo hivyo.

Angalia hapo vizuri. Siku unayoanza kuona nywele bafuni, kilichozisukuma kimeshapita zamani, na mara nyingi nyingine zimeanza kuota chini yake. Kwa wengi waliojifungua, nywele hurudi hali yake kufikia mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Kwa hivyo chochote utakachoanza kumeza mwezi wa nne au wa tano kitaonekana kimefanya kazi. Vitamini za 3,500 zitaonekana zimefanya kazi. Maji ya vitunguu vilevile. Ungekula hata mandazi mawili kila asubuhi kwa imani, ungepata ushuhuda wa kusimulia.

Mimi ningebaki na ushuhuda wangu kama moyo haungeanza kunienda mbio. Mtoto ana miezi sita, nikipanda ngazi za ploti hadi orofa ya tatu napumua kama nimekimbizwa. Nilienda hospitali, daktari akaagiza vipimo vya damu, pamoja na cha tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo inaweza kuvurugika baada ya kujifungua. Majibu yalionyesha inafanya kazi kupita kiasi. Nilijiona tayari niko kwa dawa za maisha.

Daktari akaangalia karatasi, akaniangalia. "Mama, kuna kitu unameza?"

Nikasema hapana. Na sikuwa nadanganya, kwa akili yangu! Vitamini si dawa, ama?

Akauliza tena, "Hata vya nywele, vya kucha, vya ngozi?"

Kumbe bayotini ikiwa nyingi kwenye damu inavuruga mashine za maabara zinazotumia bayotini hiyo hiyo katika upimaji. Kipimo cha tezi kinaweza kukuonyesha mgonjwa na wewe ni mzima. Tena kuna kibaya zaidi: kipimo cha troponini, kinachotumika kugundua mshtuko wa moyo, kinaweza kushushwa na bayotini kikaonekana salama na mtu anaumia. FDA ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017, na katika onyo hilo ilitaja mtu mmoja aliyefariki. Mimi niliambiwa niache zile peremende wiki nzima nirudi. Nikarudi. Tezi yangu ilikuwa sawa kabisa.

Kilichokuwa chini ni damu. Akiba ya madini ya chuma, ile inayopimwa kwa feritini, ilikuwa imekwisha. Nilipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na nyumbani nilikuwa nakunywa chai ya rangi kwa kila mlo, na chai inazuia mwili kufyonza chuma cha kwenye mboga na maharagwe. Halafu daktari akauliza kama nilimaliza dawa za kuongeza damu nilizopewa kliniki.

Jameni. Zilikuwa kwa droo. Zilinichafua roho na kunifunga choo, nikaziacha mwezi wa pili, hata sikumwambia nesi. Nilipewa bure. Nilikuwa na pakiti nzima ya kitu nilichohitaji, bure, kwa droo ya kitanda, na juu ya droo hiyo hiyo nimesimamisha chupa ya 3,500.

Nilizirudia baada ya kuambiwa namna ya kuzimeza, nikasogeza chai mbali na chakula. Baada ya wiki kadhaa ngazi zilikuwa ngazi tu. Je, chuma ndicho kilichorudisha nywele? Siwezi kuapa, kwa sababu tayari vinywele vifupi vilikuwa vimeanza kusimama mbele kama manyoya ya kifaranga. Na wewe usikimbie kununua chuma kwa kuwa mimi nilikihitaji. Pima kwanza. Kuna virutubisho vinavyoangusha nywele vikizidi, vitamini A ni kimojawapo. Mwaka 2008 kule Marekani watu 201 walidhuriwa na kirutubisho cha kunywa kilichochanganywa vibaya, seleniamu ikiwa mara 200 ya ile iliyoandikwa kwenye lebo, na wengi wao walipoteza nywele. Kama zako zinatoka kwa mabaka, au mwaka umepita na bado, au ni pale tu matuta yanapovuta, hiyo si hadithi yangu, muone daktari wa ngozi.

Turudi kwa 40,000. Niliwajibu nikauliza kama naweza kusema yote: kwamba mtoto alikuwa anakaribia mwaka, kwamba nilikuwa na upungufu wa damu, kwamba zenu sijawahi hata kuzionja. Wakajibu kwa heshima kwamba wangependa stori isiwe ndefu. Nikasema basi. Baba mtoto aliniangalia akasema, "Lakini nywele si zilirudi?" Sikuwa na jibu fupi. Kodi ya mwezi huu tumelipa nusu.

Chupa yangu ya zamani bado iko juu ya friji, imebaki na vidonge kumi na saba. Mdogo wangu, ambaye mtoto wake ana miezi mitano, aliiona Jumapili akaniomba. Nilimwambia kwanza twende kliniki apimwe damu. Akanuna, akasema mimi nishapata nywele ndiyo maana naringa. Lakini jana usiku alinitumia picha ya kitana chake, bila neno. Jumamosi tunaenda pamoja, mimi nitambebea mtoto.