Zamu Yangu ya Kumpeleka Bibi Kliniki

Mabasi ya vijiji vya juu Usambara huondoka gizani na kurudi jioni. Basi likikuacha, siku imekwisha. Shangazi ndiye humsindikiza Bibi kliniki ya presha ya kila mwezi, ila mara hii aliuguza mtoto, zamu ikaniangukia mimi wa mjini.

Masika ilikuwa imefanya njia utelezi mtupu. Dereva wa bodaboda alikataa kumbeba Bibi peke yake, akasema mzee wa umri ule hawezi kujishikilia. Tukapanda mshikaki, Bibi katikati, nauli ya watu wawili, hadi kituo cha basi.

Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo hutibiwa bure. Lakini kwenye dirisha la kliniki wanataka uthibitisho. Kitambulisho cha taifa Bibi hana: mashine ilishindwa kusoma vidole vyake, jembe limevilainisha. Akafungua pindo la khanga, akatoa mfuko wa nailoni wenye kadi ya kliniki na barua ya mtendaji wa kijiji. Karani akaitazama tarehe.

"Bibi, hii ya mwaka jana."

"Kwani mwaka huu nimekuwa msichana?"

Foleni ikacheka, karani naye akagonga mhuri.

Pembeni yetu babu mmoja aliitwa mara tatu kwa sauti ya chini asisikie, wakamruka. Hakuwa na mtu. Wengine karibu wote walikuwa na binti au mjukuu aliyeacha kibarua chake siku hiyo, na gharama hiyo haimo kwenye "bure" ya serikali. Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 hupata Pensheni Jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Si nyingi, ila bodaboda inalipika. Huku Bara pensheni ya wazee wote bado.

Daktari alishangaa presha haishuki, akaandika dawa mbili. Moja ilikuwepo. Ya pili nikainunua famasi, nje ya geti.

Kwenye basi nikamuuliza Bibi kama humeza dawa kila siku.

"Naruka siku," akasema. "Zikifika miezi miwili, shangazi yako anapata kupalilia."

Usiku nikampigia shangazi kumweleza. Kumbe anajua.