Uproarious: Neno Lililofanya Darasa Lote Linicheke

Wasee, kuna neno moja la Kiingereza ambalo siwezi kulisikia bila masikio kupata moto. Uproarious.

Rudi na mimi 2013. Niko darasa la sita hapa Nairobi, na kama ulisoma 8-4-4 unajua vile mambo ya composition yalikuwa. Alama 40, na siri tuliyopewa ni moja tu: weka maneno mazito. Bombastic. Ukiandika kitu kilikuwa "very funny" umejimaliza, andika "hilarious". Ukisema watu walikuwa "noisy", mwenzako ameshaandika "boisterous", "rowdy" na "deafening", na alama ameenda nazo. Nilikuwa na orodha yangu nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa naikariri kwa matatu nikienda shule.

Likizo ya Aprili, babu yangu akafariki.

Tulisafiri usiku kwa basi hadi karibu na Khayega, Kakamega. Kama hujawahi kufika matanga ya Waisukha, sijui nikueleze aje. Kina mama walianza mayowe tukiwa bado barabarani, hata boma hatujaliona. Halafu isukuti zikaingia. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mwaka uliofuata, 2014, UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Lakini mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba ile sauti haiingii masikioni, inaingia kifuani. Mimi mtoto wa mtaa, niliyezoea honi na spika za matatu, nilisimama pale nikitetemeka. Ndipo nikaelewa kwamba babu harudi.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu wa Kiingereza akatupa kichwa: siku ambayo hutaisahau. Sikufikiria mara mbili. Nikaandika matanga ya babu, na nikatafuta neno linaloweza kubeba zile kelele. Kamusi ikanipa uproarious: enye kelele nyingi sana. Nikaona nimefika. Nikaandika kwamba mazishi ya babu yangu yalikuwa uproarious.

Maana ya pili ilikuwa hapo hapo chini yake, na sikuisoma: enye kuchekesha mno.

Mwalimu aliisoma ile sentensi kwa sauti mbele ya darasa. Akaanza kucheka yeye mwenyewe, kisha akaeleza kwa nini anacheka, na darasa lote likavunjika mbavu. Nilipata 14 kwa 40. Hadi muhula ukaisha, jina langu lilikuwa Uproarious. Na tangu siku hiyo sikuandika tena kitu cha ukweli kwa composition. Niliandika picnic ambazo sikuenda na ajali ambazo sikuziona. Alama zikapanda, by the way.

Miaka imepita, na nimeliwaza hilo neno kuliko mtu yeyote timamu anavyopaswa. Kiingereza kina hii tabia ya kuweka kelele na kicheko nyumba moja. Riotous inatoka kwa riot, yaani ghasia, lakini filamu ya kuchekesha sana pia huitwa riotous. Hysterical ilianza kama neno la ugonjwa, kutoka neno la Kigiriki la tumbo la uzazi. Leo mtu anaweza kuwa hysterical kwa kilio, na stand-up comedy ikaitwa hysterical kwa sababu imewaua watu kwa kicheko. Hata uproar yenyewe haina uhusiano na kunguruma kwa simba. Iliingia Kiingereza karne ya 16 kutoka neno la Kiholanzi la maasi. Waingereza wakasikia "roar" ndani yake, na likageuka kuwa neno la kelele.

Sasa angalia Kiswahili. Kelele ni za wote, sawa, lakini baada ya hapo kila sauti ina mwenyewe. Vifijo, nderemo na hoihoi ni za furaha. Mayowe ni ya mtu aliyepatwa. Zogo ni la watu wanaogombana. Hakuna mtoto wa Kenya anayeweza kuandika kwamba mazishi yalijaa vifijo na nderemo kwa bahati mbaya. Lugha yenyewe ingemshika mkono. Kwa insha ningesema mayowe yalipaa, machozi yakanitiririka njia mbilimbili, na hakuna mtu angecheka.

Lakini sikuja hapa kutukana Kiingereza. Nimekuja kukiri kitu.

Mwaka jana niliposti klipu ya mzee mmoja akizungumza Kiingereza kwenye mchango. Alitumia neno kubwa, likamtoka vibaya. Nikairudia hiyo sehemu mara nne, nikaweka muziki, nikaweka uso wangu pembeni nikicheka. Haijawahi kutokea klipu yangu ikatazamwa hivyo. Nilifurahi wiki nzima.

Halafu usiku mmoja nikaitazama ile video yenyewe, bila muziki na bila uso wangu. Mzee alikuwa anawashukuru watu kwa kumsaidia kulipa bili ya hospitali ya mtoto wake. Alikuwa ametafuta neno kubwa kwa sababu shukrani yake ilikuwa kubwa. Mimi, Uproarious mwenyewe, nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikimsoma kwa sauti.

Nimeifuta. Najua watu walishaidownload, najua bado inazunguka WhatsApp, na yule mzee simjui nimwombe msamaha wapi. Lakini mambo ya kucheka Kiingereza cha watu, kwangu yameisha. Nitawachekesha na mengine. Maisha ya Nairobi hayajawahi kukosa vioja.

Mtu akikosea neno mbele yako, sikiliza kwanza alikuwa anataka kusema nini. Ukishasikia, na bado unaona inachekesha, basi cheka.

Na babu, mazishi yako yalikuwa na kelele nyingi sana. Hiyo ndiyo sentensi niliyotaka kuandika.

Haya, wewe ni neno gani la Kiingereza lilikuaibisha shuleni? Niambie. Sitacheka.