Kipando cha Kwenda Kipini

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya baharini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Kipini ni mji mdogo ulioketi pale Mto Tana unapoingia baharini. Wenyeji humwonyesha mgeni kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi yetu humsifu kwa kimo kilichowapita watu wa zama zake. Kila nifikapo hapo husimama, nikaomba dua, kisha nikatabasamu. Mtu wa kimo kile angepanda kipando chochote na miguu yake ikagusa chini. Sisi ambao Mola ametujaalia kimo cha wastani, au pungufu yake, hatuna budi kupima kabla ya kupanda.

Mwezi wa Rajabu uliopita, dada yangu, mjane akaaye Kipini, aliniletea ujumbe. Thumuni yake katika mirathi ya marehemu mumewe ilikuwa imekwisha kutolewa, naye alitaka kumnunulia mwanawe mkubwa pikipiki, apate riziki ya kubeba abiria na mizigo baina ya Kipini na Witu, na yeye mwenyewe apate wa kumpeleka hospitali kila mwezi. Kijana alikuwa amekwisha kuchagua pikipiki ndefu ya safari za porini, ya tairi za meno, aliyoiona dukani Malindi. Dada aliniuliza neno moja tu: "Kaka, hii yafaa?"

Siku ile sikumjibu, na sababu ninayo. Miaka michache nyuma nami nilinunua pikipiki ya namna hiyo, iliyokwisha kutumika, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na nilidhani urefu wake ungeniokoa na mashimo. Ilipokuwa ikienda sikuiona ila. Ila yake ilikuwa katika kusimama. Asubuhi moja nilimpakia mama watoto tukienda arusini. Tukafika penye mchanga mwingi, nikapunguza mwendo, nikateremsha mguu, na mguu usiikute ardhi. Chuma cha kilo zaidi ya mia, pamoja na watu wawili, vyote vikalala upande mmoja. Mwenzangu aliangukia mkono na kifundo kikavunjika. Hadi leo akikuna nazi hupumzika katikati ya kazi. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo liniumalo zaidi.

Kwa hiyo niliona fedha ya mjane si jambo la kujibiwa kwa simu. Nikapanda pikipiki niliyo nayo sasa, fupi na nyepesi, nikaenda kuiuliza njia yenyewe.

Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unaiacha Mambrui upande wa bahari, kisha unapita Gongoni na Marereni penye mashamba ya chumvi. Hapa ni lami, na juu ya lami kila pikipiki ni nzuri. Mambo mawili tu yanataka hadhari. La kwanza ni upepo wa baharini na ule usukumwao na malori, ambao huiyumbisha pikipiki ndefu kuliko fupi. La pili ni chumvi, ambayo hula chuma, basi cheni na breki zataka kuoshwa na kukaguliwa mara kwa mara. Baada ya kilomita 100 hivi unafika Minjila, karibu na Garsen, ambapo njia ya Garissa na ya Lamu huachana. Nikashika ya Lamu.

Sasa umo katika nchi ya Mto Tana, na udongo umegeuka kuwa mweusi. Niliiacha lami kidogo kwenda kumjulia hali mwanafunzi wangu wa zamani, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Udongo ule ukilowa hunata kama ugali. Hushika tairi, ukajaa baina ya tairi na madigadi ya mbele, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nilishuka mara tatu nikauchokoa kwa kijiti, kanzu imepandishwa magotini, na watoto wa kijiji wakinitazama kwa huruma. Hapo nilitia akilini jambo la kumwambia kijana: atazame kama madigadi ya mbele yameachana na tairi, maana yaliyokaribiana nayo sana huwa mtego wa matope.

Kutoka Witu kwenda Kipini ni udongo na mchanga. Niliamua kuhesabu, na kabla sijaiona bahari nilikuwa nimeweka mguu chini mara 19. Mara ng'ombe wanavuka, mara dimbwi, mara mchanga umenishika gurudumu, mara mzee amenisalimu na haifai kumpita bila ya kusimama. Nikapata jibu langu. Njia ile haimtaki mtu ajue kukimbia. Yamtaka ajue kusimama.

Nyumbani kwa dada nilimwambia kijana avue viatu, asimame visigino vimegusa ukuta, na abane daftari baina ya miguu juu kabisa. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari: sentimita 74. Kipimo hiki ndicho cha kutazamwa, wala si kimo cha mwili mzima, kwa sababu watu wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana miguu. Pikipiki nyingi za kazi tuzionazo vijiweni zina kiti cha kimo cha sentimita 80 hivi. Zile ndefu za porini huanzia kama 82, na nyingine hupita 87. Viatu humwongezea mtu kidogo, na springi hushuka akikaa, kwa hiyo mwenye 74 aweza kukimudu kiti cha 80, hasa kikiwa chembamba. Kiti kipana huitawanya miguu, ukapoteza ulichokipata.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, lakini ile ndefu inapendeza." Nikamkumbusha kwamba katika Suratun-Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa kuwa ni vipando na ni pambo, na kupanda kumetangulia pambo. Akacheka, ila sikuona kwamba moyo wake umeridhia.

Aliyeumaliza mjadala ni mama yake. Wiki iliyofuata walikuja Malindi tukaenda dukani pamoja. Kijana aliikalia ile ndefu na uso ukamng'aa. Dada, ambaye alikuwa amevaa suruali chini ya buibui, alimwomba muuzaji aishike pikipiki, akapanda nyuma, akasema, "Haya, mwachie. Nawe simama kwa miguu yote miwili." Kijana alisimama kwa ncha za vidole, na pikipiki ikaanza kuinama. Muuzaji akaidaka. Dada akasema kwa upole, "Mwanangu, mzigo wako wa kwanza ni mimi. Wewe ukisimama kwa vidole, mimi nitasimama kwa nini?"

Muuzaji alitushauri kwamba springi zaweza kushushwa na kiti kikapunguzwa sifongo. Ni kweli yafanyika. Lakini ukizishusha springi umepunguza nafasi baina ya tumbo la injini na ardhi, na nafasi hiyo ndiyo ulioilipia. Na kiti kikikonda, anayeumia ni abiria wa nyuma.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaiendea mwenyewe pikipiki ya kazi iliyokuwa pembeni. Akakaa na mama yake nyuma, na nyayo zote mbili zikalala sakafuni. Madigadi yake ya mbele yalikuwa na nafasi ya kutosha. Fedha iliyobaki ilinunua helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, ikalipia bima, na nyingine ikawekwa kwa ajili ya mafunzo na leseni, maana nilimwambia dada kwamba pasipo leseni pasiwe na abiria. Na abiria ni mmoja tu. Ndivyo isemavyo sheria ya nchi, na sheria hiyo huhifadhi roho.

Neno langu la mwisho ni kwa mama zetu na dada zetu. Buibui na mtandio ni sitara, lakini gurudumu na cheni havina haya, huvuta chochote kilicholegea. Huko India pikipiki huwekewa kizuizi pembeni ya gurudumu la nyuma kwa ajili ya wanawake wavaao sari. Haja yetu ni hiyo hiyo. Kama yako haina, fundi wa kuchomelea atakutengenezea, na cheni iwe na kifuniko. Kusanya nguo zako, uzikalie, na ukae kwa kutanua miguu huku umevaa suruali ndani. Kukaa upande kwaonekana kuwa ni heshima zaidi, lakini mchangani hakuna mizani.

Mwezi jana kulikuwa na hitima Mambrui. Tangu alipovunjika mkono, mama watoto alikuwa hajakubali kupanda nyuma yangu. Siku ile alitoka na mtandio wake ameufunga vyema, akaitazama pikipiki, akanitazama na mimi, akasema, "Kwanza simama nikuone." Nikasimama, nyayo zote mbili chini. Akapanda, akanishika kwa ule mkono wake. Tukasoma dua ya kipando, tukaenda polepole.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote safarini na majumbani mwetu. Amin.