Kadi ya Nukta: Somo Tulilofunzwa Kilosa

Walimu wengi hudhani kwamba habari za mitambo haziwezi kufundishwa mahali pasipo na mitambo. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Lakini hatuna budi kukiri kwamba siku tulipotaka kulithibitisha jambo hili mbele ya wanachuo wetu tulikosea, na kosa lenyewe halikuwa la zana.

Mada ilikuwa namna kompyuta mbili zinavyounganishwa kwa njia ya mfululizo, yaani waya upelekao habari biti moja baada ya nyingine, mithili ya watu wapitao mlango mwembamba. Aghalabu kila baiti yenye biti 8 hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kumalizia. Kwa hiyo waya upitishao biti 9,600 kwa sekunde hupeleka herufi 960 tu. Na kwa kuwa njia hiyo ina ncha mbili peke yake, itokayo huku haina pa kwenda ila kule.

Tulifundisha Darasa la Sita katika shule moja mjini Kilosa. Tulifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ncha moja tukaiita Kilosa na ya pili Mikumi, kwa kuwa watoto wa huko wanaijua reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Kisanduku cha kiberiti kiliteleza juu ya kamba, kikichukua kadi moja ya herufi kila safari. Kadi ya nukta tuliifanya alama ya mwisho wa barua.

Kabla hatujaanza, msichana mmoja aliuliza: “Mwalimu, je, kama barua yenyewe ina nukta ndani yake?” Tulimjibu asilitangulie somo, naye akaketi.

Barua tuliyoitunga ilihusu mafuriko, maana wakazi wa Kilosa hawajayasahau yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoharibu reli. Ilisema: “NJIA NJEMA. DARAJA LIMEVUNJIKA.” Watoto wa Mikumi walipoipata nukta ya kwanza walifunga kazi, wakasoma kwa sauti: “Njia njema!” Tuliwakemea kwa uzembe, ilhali walikuwa wametii sheria yetu barabara. Wanachuo walituangalia kimya. Msichana yule aliinamisha kichwa.

Jioni tulirudia vitabu vyetu. Utaratibu uitwao SLIP, uliochapishwa mwaka 1988 ili kupitisha habari za intaneti katika njia za mfululizo, ulikabili swali lile lile. Alama yake ya mwisho ni baiti 192. Ikitokea 192 ndani ya habari yenyewe, mahali pake hutiwa baiti mbili, 219 na 220. Na ikitokea 219, hutiwa 219 na 221. Swali tulilolizima ndilo lililokuwa kiini cha somo.

Kesho yake tulirudi darasani, tukawaomba radhi watoto wa Mikumi, kisha tukamwomba msichana yule atoe shauri. Alisema: “Tuweke kadi ya onyo mbele ya nukta isiyo ya mwisho.” Mvulana mmoja akadakia: “Na kadi ya onyo yenyewe ikiwa sehemu ya barua?” Safari hii hatukujibu, tuliwaachia wabishane, hata wakakubaliana kwamba onyo nalo litanguliwe na onyo. Barua ilifika nzima.

Ndugu walimu watarajiwa, kamba na kiberiti hupatikana kila kijiji. Kilicho adimu ni subira ya mwalimu. Mtoto akiuliza swali msilolitarajia, liandikeni ubaoni hata kama hamna jibu lake. Na darasa likikosea, chunguzeni kwanza sheria mliyolipa kabla ya kulikemea. Sisi tulijifunza hayo mbele ya wanachuo wetu, na hatujutii kwamba walituona.