Bendi ya shule ipige nini?

Haya wadau, binamu yangu anafundisha bendi ya tarumbeta shuleni, na tamasha ni mwezi ujao. Mkuu wake anataka machi tupu. Mwaka jana wazazi walisinzia. Wakisinzia tena, hela ya vyombo inahamia kwenye mpira.

Mimi nasema machi moja ya kuingilia inatosha. Halafu "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms (1982), mzazi gani haijui? Ila wapiga gitaa hupenda Do iwe E, na tarumbeta ya B-flati huko inakutana na shapu sita. Mtoto wa Form Two ataweza wapi! Ishusheni iwe E-flati, zinabaki na flati moja tu. Na ngumu zianze, maana midomo huchoka.

Nyie mngeongeza wimbo gani?