Uhandisi wa Programu: Anayekwenda Chuo Ajue Anachokwenda Kusoma



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hapa Kileo huja watu kuniuliza juu ya kozi za kompyuta. Mimi ni mwalimu wa Qur'an na fiqhi, si mtaalamu wa fani hiyo. Lakini baadhi ya vijana waliopita katika madrasa yetu wamekwenda kuisoma, na wakirudi likizo hukaa nami barazani na madaftari yao. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe akasome ana haki ya kujua ng'ombe wake amenunua nini.

Tuanze na jina. Uhandisi wa programu si ufundi wa kutengeneza kompyuta zilizoharibika. (Kijana wetu mmoja kila likizo huletewa redio mbovu na simu zilizoingia maji. Huzipokea kwa adabu, kisha huzipeleka kwa fundi mjini.) Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina shahada nzima yenye jina hilo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hulifundisha kama somo ndani ya shahada za kompyuta, katika kampasi ya Kijitonyama. Kabla ya kulifikia, mwanafunzi husoma kwanza kuandika programu, na hilo watoto wa madrasa msiliogope. Aliyefundishwa kwamba ba na ta hutofautiana kwa nukta tu, anajua tayari kuwa alama ndogo hubadili maana. Kompyuta haina huruma kwa aliyesahau alama, na mwalimu wenu wa tajwidi ni hivyo hivyo.

Mshangao huja baadaye, somo lenyewe la uhandisi linapoanza. Kijana amekwenda akitarajia kuandika programu usiku na mchana, naye anapewa wiki kadhaa za kuuliza watu maswali na kuandika majibu kwa Kiingereza cha kawaida. Nani atakitumia chombo hiki? Anataka nini hasa? Akibonyeza pasipotakiwa, itokee nini? Wengi hukata tamaa hapo na kusema mhadhiri anapoteza muda. Nami nasema hapo ndipo penye somo.

Mmoja wa vijana wetu alitakiwa na chuo atafute mtu mwenye shida ya kweli, amfanye mteja wake. Akanijia mimi. Nikamwambia nahitaji daftari la mahudhurio na la ada liwe ndani ya kompyuta. Akatoa kalamu, na maswali yakachukua siku mbili. Mtoto asiyekuja kwa sababu ana mtihani shuleni, ahesabiwe sawa na asiyekuja bila taarifa? Watoto wawili wenye jina moja, baba wa jina moja na babu wa jina moja, tutawatenganishaje? (Hapa kwetu ukiita Ramadhani huitika wanne.) Mzazi aliyeleta debe la mahindi badala ya fedha, ada yake iandikwe kwa bei ya siku gani? Mapumziko yetu ni Alhamisi na Ijumaa, na likizo yetu hufuata Ramadhani, ambayo kila mwaka husogea nyuma kiasi cha siku 11 katika kalenda ya miladi. Programu ihesabu kwa kalenda ipi?

Swali lililonikaa moyoni lilikuwa la mwisho: nani aruhusiwe kuona ni mzazi gani hajalipa? Daftari la karatasi hulala kabatini, na ufunguo ninao mimi. Ndani ya kompyuta hakuna kabati mpaka mtu aseme liwepo. Siri ya mzazi asiye na uwezo ni amana, na kijana wa miaka 21 ndiye aliyeikumbuka kwa sababu amefundishwa kuuliza.

Baadaye aliniletea karatasi zenye yote niliyosema, akataka niweke sahihi. Nilifurahi, kwa sababu aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo la namna hii: watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi awe mwadilifu, na washuhudiaji wawepo. Watu wakiandikiana mapema, ugomvi hupungua.

Hata aliyeuliza vizuri hulazimika kwenda kutazama. M-Pesa, ambayo leo kila duka hapa linaijua, ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa lengo la watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Katika majaribio wakaonekana watu wakitumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana fedha ndiko kulikotangazwa, na mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Fani hii yenyewe ilizaliwa kutokana na shida. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa kuwa programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi gharama na kujaa makosa. Mkutano huo ndio ulioeneza jina la uhandisi wa programu. Mwanafunzi atasimuliwa pia habari ya mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vya kuzuia hatari. Katika hii vikaondolewa, ulinzi ukaachiwa programu, na programu ilikuwa na kasoro. Kasoro moja ilijitokeza mtumishi mzoefu aliposahihisha maandishi haraka kuliko walivyotarajia waliotengeneza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo ni majaribio, yaani kuitafutia programu yako makosa kabla hayajamfikia mgonjwa.

Kazi hufanywa kwa makundi, na alama ni za kundi. Hapa jiandaeni. Yupo atakayekimbia kazi na yupo atakayetaka kuifanya yote peke yake. Msidhani pia kwamba kuongeza watu huleta haraka. Ndiva ikijaa tope, watu 40 wakitoka msaragambo humaliza upesi kuliko 10. Programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, huchelewa zaidi, kwani wageni lazima kwanza wafundishwe na wale wale waliochelewa. Mmarekani Fred Brooks aliliandika hilo mwaka 1975, na bado makundi ya wanafunzi hulifunza upya kila muhula.

Watafundishwa chombo kiitwacho Git, kinachotunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Silinganishi kazi ya kompyuta na hadithi za Mtume (S.A.W.), lakini mtoto aliyesoma isnadi hatashangaa kuambiwa kwamba neno lisilojulikana lilikopita halipokelewi.

Wazazi wa mabinti huniuliza juu ya makundi kukutana usiku. Mara nyingi kundi hujipangia lenyewe saa za kukutana. Aseme mapema, wiki ya kwanza, kwamba anataka vikao vya mchana maktaba, na kwamba saa ya Ijumaa wavulana hawatakuwepo. Likisemwa mwezi wa pili huonekana kisingizio.

Siku hizi zipo programu za akili unde zinazoandika programu nyingine kwa kuagizwa. Wengine wanasema basi fani imekwisha. Lakini mashine hizo hazitajua zenyewe kwamba Alhamisi tumefunga, wala kwamba deni la mama fulani lisionekane na jirani yake.

Anayetaka kwenda achukue tahasusi yenye Hisabati, kama PCM, PGM au EGM. Miezi ya kungoja chuo ajizoeze kuandika Kiingereza kinachoeleweka, maana ripoti ni ndefu kuliko programu. Kompyuta mpakato iliyotumika inamtosha kuanzia, ilimradi betri yake iwe nzima.

Wabillaahi tawfiiq.